Kukagua kaburi la kale la Misri na michoro yake ya ukutani: mwongozo kamili

Nimesoma ripoti nyingi za mazoezi za watu wanaojifunza kukagua makaburi yenye michoro, na karibu zote hujikwaa kwenye jiwe lilelile. "Michoro iko katika hali mbaya. Kuna nyufa, chumvi na madoa. Inahitaji ukarabati wa haraka." Haya, ufa ni wa lini? Chumvi bado inatoka, au ilitoka zamani ikakauka? Doa linakua?

Mkaguzi hatafuti kujua ukuta umeharibika kiasi gani. Umri wake ni zaidi ya miaka elfu tatu, lazima uwe umeharibika. Anatafuta kipi kinaendelea kuharibika sasa, na nini kinakisukuma. Hatua zote hapa chini zinajibu hilo. Mifano nimeichukua Luxor, ng'ambo ya magharibi ya Mto Naili, katika Bonde la Wafalme na Bonde la Malkia.

## Vifaa

- Taa mbili za LED zisizotoa joto jingi, na tochi ndogo yenye mwali mwembamba.
- Taa ya urujuanimno pamoja na miwani yake ya kukinga macho.
- Kamera, stendi ya miguu mitatu, rula ya picha na kadi ya rangi.
- Kioo cha kukuzia mara 10. Hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta ni bora zaidi.
- Virekodi vya joto na unyevu, visivyopungua vitatu, na kipimajoto cha kupima uso wa ukuta bila kuugusa.
- Vijikaratasi vya kupimia kloridi, salfeti na naitreti, yaani aina za chumvi.
- Barakoa za kuchuja vumbi laini, za daraja la FFP2 au zaidi, glovu, kofia ngumu, viatu vyenye soli laini.
- Penseli nyingi. Kalamu za wino ziache nje.

Vya kutokuja navyo ni maji, sponji, brashi ngumu na begi la mgongoni. Begi nalitaja kwa makusudi: mtu hugeuka kumjibu mwenzake, na kifungo cha begi kinachora mstari kwenye bega la mungu mke Hathor.

## Hatua ya 1: Pata kibali, kisha tafuta picha za zamani

Mambo ya kale ya Misri yanalindwa na Sheria namba 117 ya mwaka 1983. Hakuna kipimo wala sampuli bila ruhusa ya mamlaka ya mambo ya kale, na mkaguzi wao atakuwa nawe ndani. Mtu huyo mheshimu na umsikilize. Mara nyingi amelijua kaburi kwa miaka mingi, na atakuambia maji yaliingilia wapi na ukuta upi ulizibwa na nani.

Baada ya hapo usikimbilie kaburini. Kaa na kumbukumbu kwanza: picha za wagunduzi, ramani, ripoti za matengenezo, hata kadi za posta za watalii. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye jibu la bei rahisi kuliko yote.

Ushahidi ni kaburi la Tutankhamun. Kuta za chumba cha maziko zimejaa madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi watu waliogopa kwamba ni ukungu unaokua kwa sababu ya pumzi za wageni. Wataalamu wa Getty Conservation Institute, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, na wenzao wa Misri, waliofanya kazi humo kati ya 2009 na 2019, walilinganisha kuta na picha alizopiga mpiga picha Harry Burton miaka ya 1920, muda mfupi baada ya mwanaakiolojia Howard Carter kulifungua kaburi. Madoa yalikuwa yaleyale na hayakuwa yameongezeka. Vipimo vya maabara vikathibitisha kwamba vimelea vilivyoyaleta vilikwisha kufa. Na kwa kuwa madoa yalikuwa yamezama ndani ya tabaka la rangi, hayakuondolewa: ukiondoa doa unaondoa na mchoro.

Hebu fikiria kama mtu angeanza kwa dawa ya ukungu.

Umefaulu ikiwa kwa kila ukuta una angalau picha moja ya zamani unayojua mwaka wake, au umeandika wazi kwamba haipo.

## Hatua ya 2: Anza nje, juu ya kilima

Panda juu ya mlango wa kaburi ujiulize: mvua ikinyesha saa hii, maji yatapita wapi? Watu husema jangwani hakuna mvua. Ipo, tena ikija inakuja kwa hasira. Novemba 1994 mafuriko yaliingia Bonde la Wafalme na kuyaathiri makaburi kadhaa. Kaburi la mfalme Ramesses II, lenye namba KV7 katika bonde hilo, lilijazwa kifusi cha mafuriko mara nyingi tangu zama za kale, na mapambo yake mengi yamepotea.

Chora mteremko, mifereji, kuta za kuzuia maji, nyufa za mwamba, na mahali wageni wanaposimama. Angalia pia aina ya mwamba. Juu kuna mwamba wa chokaa, na chini yake tabaka la mwamba laini wa udongo. Ule wa udongo ukipata maji huvimba, ukikauka husinyaa, na katika kupanuka na kujikunja huko nguzo na dari hupasuka. Kaburi lililochimbwa hadi kufikia tabaka hilo lina hatari ambayo jirani yake wa juu hana.

Onyo: ukiona kipande cha dari kinachoning'inia au vifusi vipya sakafuni, toka. Mhandisi wa miamba aingie kabla yako.

## Hatua ya 3: Usalama wa hewa

Hapa ni pafupi ila si pa kudharau. Kinyesi cha popo huweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu, kwa hiyo barakoa huvaliwa kabla ya mlango. Kaburi lililofungwa muda mrefu liachwe lipumue na lipimwe hewa kwanza. Usiingie peke yako, na nje abaki mtu anayejua mko wangapi. Kwenye vifusi usitie mkono usikoona. Nge hawana habari na kibali chako.

## Hatua ya 4: Usome ukuta kama mkate wa tabaka

Kabla ya kutaja ugonjwa, jua mwili umejengwaje. Ukuta wa kawaida wa Luxor una mwamba, kisha lipu ya udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha lipu laini ya juu yenye jasi, kisha rangi, na pengine vanishi. Baadhi ya kuta zilichongwa moja kwa moja kwenye mwamba. Nyingine zilipigwa lipu nene kwa sababu mwamba ulikuwa mbovu, na lipu hiyo ndiyo iliyochongwa kabla ya kupakwa rangi.

Huhitaji kukata chochote ili uone haya. Nenda kwenye kingo za mapengo yaliyopo tayari, umulike, uhesabu tabaka kwa kioo cha kukuzia na upige picha. Wakati ulishakukatia.

Jambo moja lishike kwa nguvu. Michoro hii haikupakwa juu ya chokaa mbichi kama ile ya makanisa ya Italia. Ilipakwa juu ya lipu kavu, kwa rangi zilizoshikwa na gundi za miti au za wanyama, na nyingi ya gundi hizo huyeyuka kwa maji. Kidole kilicholowa jasho kinatosha kuondoka na nyekundu. Ndiyo maana maji niliyaacha nje ya orodha ya vifaa.

## Hatua ya 5: Piga picha za msingi

Kila ukuta upigwe kamera ikiwa imesimama sawasawa mbele yake, taa mbili pembeni, rula na kadi ya rangi zikiwa ndani ya picha. Picha zipishane ili ziunganishwe kwenye kompyuta ziwe taswira moja iliyonyooka. Juu ya taswira hiyo ndipo utakapochora kila dalili, kila aina ya dalili kwa tabaka lake.

Kila kituo cha kamera kipe namba, na uandike umbali wake kutoka ukutani na kimo chake. Mtu wa miaka kumi ijayo lazima aweze kusimama palepale. Picha nzuri isiyoweza kurudiwa ni ukumbusho wa safari tu.

## Hatua ya 6: Tengeneza kamusi ya dalili

Wakaguzi wawili wakipewa ukuta mmoja bila kamusi watakuletea ramani mbili za nchi tofauti. Mmoja anaita "kuchubuka", mwenziwe "kubanduka", wa tatu anaita vyote "uharibifu". Kaeni mbele ya ukuta pamoja, mkubaliane maneno, na kila neno lipewe picha ya mfano kutoka kaburi hilohilo.

Maneno yanayochanganywa sana ni haya:

Kutengana ni lipu kuachana na mwamba au tabaka moja la lipu kuachana na jingine. Mara nyingi hakuonekani kwa macho, maana uso unaweza kuwa mzima kabisa.

Magamba ni rangi yenyewe kujikunja na kuinuka, kama ganda la tope lililokauka kwenye kidimbwi. Lipu chini yake inaweza kuwa imara.

Unga ni rangi iliyopoteza gundi yake. Haina magamba, ila ukiigusa inabaki kidoleni. Usiiguse kuhakikisha. Tazama kwa kioo cha kukuzia: chembe zimelegea, na chini ya ukuta kuna vumbi lenye rangi.

Pengo liandike ni la kina gani. Rangi tu imepotea, au hata lipu, hadi mwamba unaonekana? Pengo lenye kingo nyeupe kali ni changa. Lenye kingo zilizofifia na kujaa vumbi ni la zamani. Tofauti hiyo ndogo ni ya thamani kuliko kurasa tano za maelezo.

Matengenezo ya zamani nayo ni dalili. Kuna viraka vya jasi au saruji, vitambaa vilivyobandikwa kuzuia vipande visianguke, na gundi za viwandani zinazong'aa. Saruji itilie shaka mapema, kwani huja na chumvi zake na ni ngumu kuliko lipu inayoizunguka.

Nyufa, madoa, masizi ya moto, mikwaruzo na maandishi ya wageni ni rahisi kutambua, sitayakalia. Ila maandishi yasome kabla ya kuyaita uchafu. Yale ya Wagiriki na Wakoputi (Wakristo wa Misri) wa kale ni historia kamili, hayaondolewi.

Umefaulu ikiwa watu wawili wakichora ukuta uleule bila kuonana, ramani zao zinakaribiana.

## Hatua ya 7: Tazama, mulika ubavuni, sikiliza

Anza kwa mwanga wa kawaida, kutoka juu kwenda chini, ukuta kwa ukuta. Kisha zima taa zote, weka tochi karibu sana na ukuta ili mwali uteleze juu ya uso wake. Utashtuka. Ukuta uliouona umenyooka sasa una vilima na mabonde: uvimbe, magamba yaliyoinuka, alama za brashi ya mchoraji, hata mistari ya kamba iliyochovywa rangi aliyoitumia kupima. Chora unachokiona papo hapo, si jioni hotelini.

Taa ya urujuanimno hufuata. Gundi na vanishi nyingi hung'aa chini yake, na ndipo matengenezo ambayo hakuna ripoti iliyoyataja hujitokeza.

Kisha masikio. Palipo na uso imara, na pale tu, gonga taratibu kwa ncha ya kidole kilichovaa glovu. Lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi uliokufa, na iliyotengana hulia kama debe tupu. Fuata mpaka wa mlio na uuchore.

Hapa pana kosa la wengi: kuita kila debe tupu "hatari kubwa". Lipu inaweza kuwa imetengana tangu zama za Ramesses na ikabaki imesimama kwa sababu kingo zake zote zimeshika. Hatari ni pale inapolia, imevimba, kingo zimeachia, na inacheza unapoigonga. Dalili hizo zikikutana, weka alama nyekundu na usiguse tena.

Onyo: usigonge penye magamba au unga. Mlio hautakuambia kitu, na rangi itaanguka.

## Hatua ya 8: Ifuate chumvi hadi kwenye maji yake

Kaburi la Nefertari, mke mkuu wa Ramesses II, lilifunguliwa na mwanaakiolojia Mwitaliano Ernesto Schiaparelli mwaka 1904, na tangu hapo michoro yake ilijulikana kwa uzuri na kwa ugonjwa. Chumvi ya kawaida, hii ya jikoni, ilikuwa imeganda kati ya mwamba na lipu na kuisukuma lipu nje vipande vipande. Kazi ya kulihifadhi ilichukua kuanzia 1986 hadi 1992, na ilianza kwa uchunguzi na kushikiza kwa dharura vipande vilivyokuwa vinadondoka. Tiba kamili ilifuata baadaye.

Chumvi peke yake haiharibu. Kinachoharibu ni safari yake. Maji huiyeyusha ndani ya mwamba, huibeba hadi inapoweza kukauka, na hapo inaganda na kukua. Ikigandia usoni unaona unga mweupe, wenye sura mbaya lakini wenye madhara madogo. Ikigandia nyuma ya rangi au nyuma ya lipu, huoni kitu mpaka siku inapopasuka. Kwa hiyo ukuta mweupe kwa chumvi si lazima uwe mgonjwa kuliko ule uliovimba bila chumvi yoyote usoni.

Fanya hivi. Chora mahali chumvi ilipo na kimo chake kutoka sakafuni. Ikiwa chini tu kwa mstari, shuku maji yaliyosimama sakafuni. Ikifuata ufa kutoka juu, shuku mvua. Ikiwa ndani ya kiraka, shuku kiraka. Kisha chukua chembe zilizokwisha kudondoka, zilowanishe nje ya kaburi kwa maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi), na uzipime kwa vijikaratasi. Kloridi na salfeti ni za kutarajiwa katika miamba hii. Naitreti nyingi zitakufanya uangalie dari kutafuta popo.

Usionje. Naandika kwa sababu nimeona mtu akilamba kidole.

## Hatua ya 9: Pima hewa, mwaka mzima

Kirekodi kimoja kiwe nje kivulini, kimoja mlangoni, kimoja ndani kabisa, vikisoma kila baada ya dakika 15 au 30. Wiki moja haitoshi. Unahitaji majira yote, siku zenye wageni na siku zisizo nao, kwa hiyo panga mwaka mmoja usiopungua.

Namba ya kukumbuka ni asilimia 75. Katika joto la kawaida la kaburi, hewa ikizidi unyevu huo chumvi ya kawaida hunyonya mvuke na kuyeyuka, na ikishuka chini yake chumvi huganda tena. Kaburi linalopanda na kushuka kuvuka mstari huo linasaga michoro yake polepole. Linalokaa asilimia 30 mwaka mzima, chumvi yake imelala. Iache ilale.

Wageni huleta mvuke wa pumzi na jasho, joto, vumbi la viatu na hewa ukaa. Hesabu wanaoingia kwa saa, kisha weka hesabu hiyo sambamba na mstari wa unyevu. Angalia unapanda kwa kasi gani wakiingia, na muhimu zaidi, unachukua saa ngapi kurudi wakitoka. Ikiwa asubuhi inayofuata haujarudi, kaburi linalimbikiza.

Kuna hesabu nyingine ambayo karibu hakuna anayeifanya. Usilinganishe asilimia za ndani na nje, kwa sababu asilimia hubadilika joto likibadilika. Linganisha gramu za maji katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ikiwa kaburi limefungwa, halina wageni, na bado hewa ya ndani ina maji mengi kuliko ya nje, basi maji yanatoka ukutani au sakafuni. Rudi Hatua ya 2 ukayatafute.

## Hatua ya 10: Rangi na sampuli

Mengi hujulikana bila kuchukua kitu. Ile buluu ya Misri, iliyotengenezwa kwa kuchoma pamoja mchanga, chokaa, shaba na magadi, ina tabia ya ajabu: ukiimulika kwa mwanga wa kawaida hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kamera iliyoondolewa kichujio chake cha infraredi na kuwekewa kinachozuia mwanga wa kawaida huiona iking'aa nyeupe. Hata chembe zisizoonekana kwa macho hujitokeza, na pambo lililopotea hurudi kwenye kioo cha kamera.

Andika pia rangi zinazoogopa mwanga. Manjano na nyekundu za madini ya aseniki hubadilika au kufifia, wakati udongo mwekundu na wa njano hauna wasiwasi. Orodha hii ndiyo itakayoamua taa za wageni.

Sampuli iwe ya mwisho. Kila moja iwe na swali lake lililoandikwa kabla haijachukuliwa, itoke kwenye kingo za pengo, iwe ndogo kuliko kichwa cha pini, na mahali pake paonyeshwe kwenye picha. "Tuchukue tu, huenda ikasaidia" si swali.

## Hatua ya 11: Toa hukumu

Sasa rudi kwenye ramani zako, na kila dalili uiweke katika moja ya mafungu matatu: inaendelea, imekoma, au haijathibitika. Kwa kila iliyo kwenye "inaendelea" lazima uonyeshe ushahidi: picha mbili za tarehe tofauti, kingo mpya za pengo, vumbi la rangi sakafuni, au mstari wa unyevu. Bila ushahidi huo, inakwenda "haijathibitika". Usione aibu fungu hilo likiwa kubwa. Katika ukaguzi wa kwanza huwa kubwa.

Halafu andika chanzo, na hatua inayokizuia chanzo kabla ya ile inayotibu mchoro. Mfereji wa mvua juu ya mlango, kupunguza wageni, kubadilisha uingizaji hewa, kufukuza popo kwa njia halali: haya hutangulia gundi na sindano. Kinachovunja mpangilio huu ni kipande kinachodondoka tu, na hicho hushikizwa mara moja na mhifadhi mwenye ujuzi, kwa njia inayoweza kuondolewa baadaye. Kanuni za ICOMOS, baraza la kimataifa la minara na maeneo ya kihistoria, za kuhifadhi michoro ya ukutani, zilizopitishwa Victoria Falls, Zimbabwe, mwaka 2003, nazo zinasisitiza kuchunguza kwanza na kuingilia kidogo iwezekanavyo.

Ukurasa wa mwisho wa ripoti uwe na jedwali la sehemu za kufuatiliwa: kumi au kumi na tano tu, kila moja na namba ya kituo cha kamera, picha yake, kipimo chake, na tarehe ya kurudi. Vumbi lililo chini ya sehemu hizo lifagie kabla hujaondoka na utandaze karatasi nyeupe. Ukirudi baada ya miezi sita, tazama karatasi kabla hujatazama ukuta.